Mji wa Tanga na Riziki Yake

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, wazazi wa vijiji vyetu hutuuliza neno moja. Husema: "Mwalimu, mtoto amemaliza. Tanga ni mji, una bandari, una reli, una viwanda. Mbona amekaa kwa mjomba wake miezi sita, akarudi na viatu vilivyokwisha nyayo?" Swali hili si la kujibiwa kwa neno moja njiani, wala si haki kumjibu mzazi kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Wavivu wako, kama walivyokuwako zamani. Lakini uvivu haufungi kiwanda, wala hauzuii marikebu kutia nanga. Basi tumeona yafaa tuandike katika gazeti hili yale tunayoyajua juu ya mji ule: jinsi ulivyopata riziki yake, jinsi ilivyoupotea, na ni nani aushikaye mfuko wake. Mzazi amtumapo mtoto Tanga, na amtume akijua anamtuma wapi.

Tanga si mji wa jana. Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Waswahili wa pwani walikuwa wakivua, wakilima na kufanya biashara huko kabla ya serikali yo yote ya kigeni. Walakini mji huu tuuonao leo, wenye njia zilizonyoka, na barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa hesabu, ya kwanza, ya pili, hata kupita ya ishirini, uliundwa kwa kazi maalum. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga kwenda bara, nayo ndiyo iliyokuwa reli ya kwanza katika nchi hii. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Tena katika mwaka ule ule wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Safari ilikuwa ndefu. Iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, ilikuwa miche 62 tu. Uzao wa miche hiyo 62 ndio ulioenea katika mashamba yote ambayo wasomaji wetu wa Muheza na Korogwe wameyazoea, ukipanda mistari hata macho yanachoka.

Basi tazama jinsi mji ulivyojengwa: mkonge bara, reli katikati, bandari pwani. Tanga ilikuwa mdomo wa gunia. Kilichotiwa bara kilitokea hapa, kikaenda zake Ulaya. Hatusemi haya kwa kuwalaumu Wajerumani, wala Waingereza waliowafuata. Wao walikuja kutafuta chao, na mtu atafutaye chake hujenga nyumba kwa kipimo cha haja yake. Lakini yafaa ijulikane kwamba mji haukujengwa kwa kusudi la kuwapa kazi watoto wetu. Kazi zilipatikana kwa kuwa mkonge ulitaka mikono.

Nayo mikono ya hapa haikutosha. Wasambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao, wala hawakuona sababu ya kuyaacha wakachomwe na miiba ya watu wengine kwa ujira mdogo. Ndipo wakaletwa watu kutoka mbali: Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika wafanyakazi, ikaitwa SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na siku zake za kazi zilihesabiwa katika kipande. Wajukuu na vitukuu vyao wamo madarasani mwetu hata leo. Tukiita majina asubuhi, majina ya Kingoni, ya Kiha na ya Kimakonde hufuatana na ya Kibondei katika daftari moja, na watoto wenyewe hawaoni ajabu.

Katika siku za ustawi mji ulishiba. Marobota ya katani yalishushwa na gari la moshi, makarani wakayaandika, makuli wakayapakia katika matishari, na matishari yakayapeleka kwenye marikebu zilizotia nanga mbali. Maana gati la Tanga lilikuwa na maji haba, marikebu kubwa haikuweza kulikaribia. Waliokuwa na fedha walijenga. Jina la shule ya Galanos linamkumbuka Mgiriki mmoja mwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 nchi ilitoa katani tani zipatazo 230,000, wala hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyoifikia. Wazee wa mjini wakisimulia siku zile hunyosha shingo kidogo. Hatuwalaumu.

Kisha riziki ikaanza kupotea. Katani nyingi ilikuwa ya kamba ambazo wakulima wa Ulaya na Marekani hufungia majani makavu ya mifugo. Wenye viwanda wa huko wakabuni kamba ya plastiki itokayo katika mafuta ya ardhini, nayo ni rahisi, haiozi upesi, wala haihitaji mtu wa kuamka alfajiri kwenda kukata majani. Bei ya katani ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kama tani 20,000 tu. Hapa watu hubishana barazani mpaka taa huzimika. Wengine husema Azimio ndilo lililoua mkonge. Wengine husema ni plastiki. Sisi twaona kila upande una sehemu yake ya kweli, maana mashirika yaliyopewa mashamba hayo hayakuyatunza vema. Lakini tarehe hazina upendeleo. Bei ilianza kuteremka baada ya mwaka 1964, kabla Azimio halijaandikwa.

Liko jambo jingine lisilotajwa sana. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia mpya kutoka Ruvu hata Mruazi. Ilikuwa kazi njema kwa nchi. Illa mzigo wa Moshi na Arusha, ambao hapo kwanza ulikuwa na njia ya Tanga au ile ya Mombasa kupitia Voi, sasa uliweza kwenda moja kwa moja hata Dar es Salaam, kwenye magati ambayo marikebu huyaegemea. Mwenye mzigo hatazami mji upi una njaa. Hutazama njia iliyo rahisi.

Serikali iliona shida hiyo, ikaleta viwanda. Kiwanda cha mbolea kilianza kazi mwaka 1972, na watu wa Tanga wakafurahi sana. Lakini malighafi yake ililetwa kwa marikebu kutoka ng'ambo, ikanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilipoadimika kiwanda kikakosa chakula. Mapema katika miaka ya 1990 kikafungwa. Tukilinganisha nacho kiwanda cha saruji cha Pongwe kilichoanza mwaka 1980, twaona tofauti moja iliyo wazi: mawe ya saruji yako chini ya miguu yake. Hiki kimedumu.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mji, na hapa twaomba msomaji avumilie, maana habari za kodi hazina utamu, lakini ndizo zinazoeleza kwa nini taa ya barabarani haiwaki na takataka hukaa siku tatu.

Watu wengi wadhani Halmashauri ya Jiji ni serikali kamili yenye hazina yake, na diwani ni mtu awezaye kufanya atakalo akipenda. Sivyo. Miaka ya 1972 na 1973 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya na za miji, kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu. Miji ikachakaa upesi: mitaro ikaziba, maji yakachafuka, kipindupindu kikaingia nchini. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Somo lilikuwa ghali, na waliolipa ada yake ni wagonjwa. Lakini zilizorudi hazikurudi na nguvu zote. Mishahara ya walimu na ya waganga hutoka Serikali Kuu. Fedha nyingi za miradi hutoka huko pia, zikiwa zimekwisha kuandikwa kazi yake. Kilichobaki kuwa cha mji wenyewe ni ushuru na ada: soko, leseni, machinjio, vituo vya mabasi, na ule ushuru wa huduma ambao kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 3 katika kila shilingi 1,000 za mauzo ya kampuni. Basi angalia: kiwanda kikifungwa, si watu wake tu wanaokosa mshahara, mji nao hukosa ule ushuru, na zahanati ya mtaa ambayo haijapata kuona hata robota moja la katani hukosa dari.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile iliyolipwa na kila mtu mzima, iliondolewa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki, kwa kuwa ilikusanywa kwa kukimbizana na maskini vichochoroni. Lakini mahali pake halmashauri hazikupewa kodi nyingine ya kulingana nayo. Iliyobaki kuwa na tumaini ilikuwa kodi ya majengo, maana nyumba haikimbii. Mwaka 2016 kazi ya kuikusanya ikatolewa katika halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa katika fedha za kununulia umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa mlipaji ni rahisi, hapangi foleni. Lakini zamani mwenye nyumba wa Chumbageni aliyelipa kodi katika ofisi ya mji alijua mlango wa kugonga mtaro ulipoziba. Sasa amelipa katika mita ya umeme, na mita haijibu neno.

Juu ya hayo ikaja siasa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 chama cha CUF kilipata madiwani wengi kuliko CCM katika Jiji la Tanga. Kura ya meya ilipopigwa, aliyetangazwa kushinda alikuwa mgombea wa CCM. Madiwani wa CUF wakayakataa matokeo, na vikao vya baraza vikawa vya mabishano na kususiana. Hatutaki kuwa waamuzi wa kura ile. Wengine wameandika juu yake, wenye hasira kuliko sisi. Tunalosema ni kwamba wakati watu wakibishana ni nani akalie kiti, kiti chenyewe kilikuwa kikipungukiwa na miguu: kodi ya majengo iliondoka katika mikono ya halmashauri katika mwaka uliofuata. Tuliwauliza wengi wa jamaa zetu wakaao mjini habari ya meya, kila mmoja alikuwa na la kusema hata jasho lilimtoka. Tulipowauliza habari ya kodi ya majengo, tuliona watu wawili tu waliojua imehamishwa.

Lakini mtu asidhani kila kitu Tanga kimekwenda chini. Maji ya mji hutoka katika mto Zigi, ambao chemchemi zake ziko milimani, huko Amani katika Usambara ya Mashariki, na hukusanyika katika bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Wasomaji wetu wa milimani wajua kwamba mkulima akilima kandokando ya mto, udongo hushuka bwawani, na mtu wa Makorora hunywa tope au hulipia dawa ya kulisafisha. Basi wakulima wa kule juu wamejiunga katika umoja wao wa kutunza kingo za mto, na mamlaka ya maji ya mjini ikaona faida ya kushirikiana nao. Mwaka 2024 mamlaka hiyo hiyo ilifanya neno ambalo mamlaka ya maji haijapata kulifanya katika nchi hii: ilitoa hatifungani, yaani iliwakopa watu na makampuni kwa hati, shilingi bilioni 53.12, kwa ajili ya kueneza mabomba na kuhifadhi vyanzo vya maji. Fedha zilizotolewa zikazidi zilizoombwa. Tuliposikia tulishangaa kidogo, tukatazamana. Mji unaosemwa kuwa umekufa wakopeshwa na wenye fedha kwa hiari yao! Sababu si fumbo. Mamlaka ile ilikuwa imekusanya ankara zake mwaka baada ya mwaka, na vitabu vyake viliweza kufunguliwa mbele ya mtu ye yote. Mwenye fedha hakopeshi historia ya mji, hukopesha hesabu.

Jambo la pili ni maziwa. Tangu miaka ya 1980, kwa msaada wa Waholanzi, familia nyingi za Tanga na Muheza zilipata ng'ombe wa maziwa wa kufuga bandani. Wafugaji wakafanya ushirika, na katika miaka ya 1990 kikasimama kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho wafugaji wenyewe walikuwa na hisa ndani yake. Twawajua wazazi waliolipa ada za watoto wao kwa ndoo ya maziwa ya asubuhi, wakati jirani zao walipokuwa wakingoja mashamba ya mkonge yafufuke. Ng'ombe mmoja hatajirishi mtu, tena hula hata siku za sikukuu na hutaka majani hata siku za mvua. Lakini fedha yake hulala nyumbani.

Sasa twafikia habari wanazoziulizia vijana, yaani bandari na bomba. Kati ya mwaka 2019 na mwaka 2023 bandari ya Tanga ilichimbwa na magati yake yakajengwa upya, kwa gharama ya shilingi bilioni 429.1. Kina cha maji kilichokuwa mita 3 kikawa mita 13, na magati yakawa na urefu wa mita 450. Marikebu kubwa zikaanza kuegemea. Twasema kwa furaha kwamba hili ni jambo ambalo mji ulilingoja kwa zaidi ya miaka 100. Lakini kijana na afikiri kidogo. Zamani mzigo wa marikebu moja ulipita katika mikono ya watu mara mbili: kutoka marikebuni hata tishari, na kutoka tishari hata gati. Shida ile ndiyo iliyowalisha makuli. Sasa winchi yainua kontena zima kwa mara moja, na anayeiendesha ni mtu mmoja aliyesomea. Bandari yaweza kupokea mzigo maradufu na isiandike watu maradufu. Kazi huzaliwa kando yake: madereva, mafundi wa magari makubwa, makarani wa forodha, mama lishe, wenye maghala. Hizo ndizo za kutafutwa, na nyingi zataka cheti au mtaji, si barua ya mwalimu kwamba mtoto huyu ana tabia njema.

Habari ya bomba ni hivyo hivyo. Tarehe 5 Agosti 1917 ingekuwa vita. Tarehe 5 Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi huko Chongoleani, mbele ya marais wawili, wa Tanzania na wa Uganda. Bomba lenye urefu wa kilometa 1,443 lilikusudiwa kuleta mafuta ghafi kutoka Hoima katika Uganda hata ukingo wa bahari yetu. Nalo hutiwa joto njia nzima, kwa kuwa mafuta hayo huganda kama samli. Kazi ya namna hii hutaka watu wengi sana wakati wa kuchimba, kuunganisha vyuma na kujenga matangi. Ikiisha, hubaki walinzi, mafundi na waendeshaji wachache. Mkonge ulitaka mikono kila siku kwa miaka 70. Bomba huitaka kwa miaka michache. Kijana apataye kazi ya kujenga na aifanye kwa moyo, aweke akiba, na ajifunze kuchomelea vyuma kwa kukaa karibu na fundi. Maana ujuzi ule ataondoka nao, na kofia ya kazini ataiacha getini.

Wengine hawakufika hata getini. Baadhi ya vijana tuliowafundisha walikutana mjini na mtu aliyejiita wakala wa kuandika wafanyakazi. Alikuwa na koti, fomu na muhuri. Kila mmoja alimlipa fedha, na mmoja aliuza mbuzi wawili wa bibi yake. Wakaambiwa wasubiri simu, na simu hawakupigiwa. Tulipofuatana nao kumtafuta tulikuta chumba kimepangishwa fundi cherehani. Ndugu zetu, kazi ya halali haiuzwi kwa fomu vichochoroni. Anayetaka kukuandika atakulipa yeye, si wewe umlipe.

Kwa wavuvi tutasema kwa ufupi. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilivunjwa kwa baruti. Matumbawe yakapasuka, na samaki wachanga wakafa pamoja na wakubwa. Mwaka 2009 sehemu ya bahari kutoka Tanga kwenda kusini iliwekwa kuwa hifadhi, kwa ajili ya samaki yule wa kale aitwaye silikanti, ambaye wataalamu waliwahi kumdhania kuwa amekwisha toweka duniani. Baadaye Serikali ilikaza msako wa baruti, na mlio wake ukapungua. Wavuvi wengine hunung'unika kwamba samaki asiyeliwa amepewa heshima kuliko wao. Nasi hatuwacheki, maana mwenye nyavu tupu hana nafasi ya kustaajabia mifupa ya kale. Lakini baruti ilikuwa ikila mtaji wao wenyewe, na hilo wazee wa Kigombe walilijua kabla ya mtaalamu ye yote.

Wenyeji wana msemo juu ya mji wao: Tanga, waja leo waondoka leo. Husema hivyo kwa mzaha, maana mgeni ajaye kwa siku moja hunogewa, hutafuta nyumba, huoa, na hazirudi hata salamu zake. Wahamiaji wa siku za mkonge walikuwa hivyo. Sasa katika darasa moja la kidato cha nne lililotoka mikononi mwetu, walio Dar es Salaam ni wengi kuliko walio Tanga, na Tanga iko karibu nasi mara nyingi zaidi. Wachuuzi wa Kariakoo, madereva wa pikipiki wa Mbagala, wasichana wa kazi za nyumbani: wametoka hapa. Hatuwezi kuwazuia, wala hatuna haki. Lakini yule mzazi aliyetuuliza anastahili kujua kwamba mtoto wake hakushindwa na mji peke yake; alifika katika mji ambao kazi zake za zamani zimekwisha na kazi zake mpya zina mlango mwembamba, na halmashauri yake ina fedha chache kuliko mambo inayolaumiwa.

Kwa hiyo siku hizi, katika somo la uraia, tumeanza kusoma pamoja na wanafunzi wa madarasa ya juu makadirio ya halmashauri: mapato ya ndani kiasi gani, ruzuku kiasi gani, imetumika wapi. Mwanzoni walisinzia. Kisha msichana mmoja akagundua kwamba ushuru wa soko ambalo mama yake huuza ndizi umeandikwa humo, akataka kujua mbona choo cha soko hakina mlango. Tangu siku ile hawasinzii. Wazazi nao waweza kufanya vivyo hivyo. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na hesabu zisomwe. Penye mtaa, mkutano wa mtaa una haki ya kuuliza. Diwani akija kuomba kura, aulizwe juu ya kodi zilizo mikononi mwa baraza lake na zile zisizokuwamo, ndipo itajulikana kama ameisoma kazi anayoiomba.

Mwisho, iko fedha ambayo wengi hawaijui au wameisikia nusu. Tangu mwaka 2018 sheria huzitaka halmashauri zitenge sehemu 10 katika kila 100 za mapato yao ya ndani, ziwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa zimekwenda kwa vikundi visivyokuwako ila katika karatasi. Mwaka 2024 ikarudishwa. Kikundi na kiandikishwe kwanza, kiwe na akaunti ya benki na kazi ya kweli inayoonekana. Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na fomu hailipiwi. Muheza, Mkinga, Korogwe na Pangani ni vivyo hivyo, maana sheria ni moja.